Jina la Baba Mkwe

Katesh,
9 Agosti 2006

Kaka Yoakimu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mererani. Sisi tupo, ila siwezi kukuandikia kwamba hatujambo. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimemwomba Julius, dereva wa lori la mahindi, akutafute machimboni.

Kazi yangu unaijua. Miaka yote hii nazunguka Mbulu na Hanang nikichunguza jinsi maafisa ustawi wa jamii wanavyowahudumia watoto, kisha nawaandalia mafunzo. Kule Yaeda Chini nilikuta watoto wakichungishwa ng'ombe na watu waliojiita bibi zao, na majirani wakiwatetea watu hao. Nilikasirika sana. Nikawafundisha maafisa kwamba mlezi wa kweli atamtaja mtoto kwa jina, yeye mwenyewe, bila jirani kumsaidia. Wakubwa walinisifu, nami nikavimba kichwa.

Mwezi uliopita Theodory, afisa niliyemfundisha mwenyewe, alifika nyumbani kwetu Gendabi kukagua watoto wanaolelewa na bibi zao. Akamwuliza mama mjukuu wake anaitwa nani. Mama akanyamaza. Angesemaje, kaka? Mwanao tulimpa jina la babu yetu mzaa baba, na mwanamke wa Kibarbaig halitamki jina la baba mkwe wake hadi anakufa. Theodory ni mtu wa Bukoba, angejuaje? Mimi niliyejua sikumwambia wakati wa mafunzo. Jirani alipotaka kujibu alizuiwa. Gidabuday wetu, ambaye tangu mama yake afariki hajalala mbali na bibi, akapakiwa kwenye gari akapelekwa kituo cha watoto.

Nilikimbilia kwa Theodory nikamweleza mwiko wetu. Aliniamini, lakini akanikumbusha kwa upole kwamba mimi ndiye niliyewakataza kupendelea ndugu wa mtumishi yeyote. Alikubali tu mama aulizwe upya mbele ya mkuu wa kituo.

Basi nikamlazimisha mama. Nilipiga magoti, nikamwambia alitaje mara moja tu, la sivyo tunampoteza mtoto. Alilia njia nzima. Mtoto alipoletwa, mama alijifunika shuka usoni kwa aibu, akaliita lile jina. Kaka, mtoto akaganda. Maisha yake yote bibi humwita ndama wangu. Hakuijua sauti ile iliyomwita Gidabuday, akapiga kelele na kujificha nyuma ya mlezi wa kituo. Mkuu akasema kumbe hata mtoto hamjui bibi huyu. Mama hakungoja nimsihi tena, aligeuka akaondoka.

Mimi ndiye niliyemwambia asiite jina lingine lolote, hata hilo la ndama. Sijui nitaishije na hilo.

Kuna familia ya Arusha inamtaka mtoto, na kikao cha kuamua ni Jumatatu ijayo. Baba mzazi akifika mwenyewe hawawezi kumkatalia. Acha shimo, acha kila kitu, njoo. Nakuomba kama mtu anayezama.

Wasalimie wenzako wote. Watoto wangu wanakusalimia, na shemeji yako pia. Salamu za mama sina. Tangu siku ile hajatamka neno.

Mdogo wako,
Mectilda