Abiria wa Mwisho wa Pijo la Babu

Katandala,
Sumbawanga.
23 Julai 2024

Mpendwa mwanangu Leonsi,

Marahaba kwanza, maana najua ungeanza na shikamoo. Hamjambo huko Tanga? Violeth na wajukuu zangu hawajambo? Yule mdogo kikohozi kimemwachia? Sisi huku tunamshukuru Mungu, tupo. Baridi ya mwaka huu imekuja na upepo wake wote, mama yako mdogo nakaa kwenye cherehani nimevaa masweta mawili, nimevimba kama gunia la ulezi. Bibi yako Dominika anakula vizuri, anaota jua kila asubuhi na kuwagombeza wanaopita bila kumsalimu.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu nimeijaribu. Kila nikikupigia naishia kukuuliza kama huko kuna joto, nawe unanijibu kuwa lipo, tunaagana. Yapo maneno ambayo mdomo wangu unayakataa. Basi leo nimefunga duka mapema, nimekaa.

Ni habari ya gari. Uliponiambia liuzwe tu kwani halina faida kwako, sikubishana. Limeuzwa, na limeondoka Alhamisi. Lakini namna lilivyoondoka lazima uijue, kwanza kwa sababu lilikuwa lako, na pili kwa sababu nitakayoifikia huko mbele.

Wewe akili zako zilipopevuka ulilikuta limeshalala bandani, kwa hiyo hukulijua lilipokuwa gari. Pijo 403 ya nyuma ndefu, rangi ya majivu. Babu yako Adolfu alilichukua misheni wakati padri mmoja anarudi kwao. Bwana Lutengano aliyelinunua, Mnyakyusa wa Mbeya anayekusanya magari ya kale, anasema zilizobaki nchini za namna hiyo unazihesabu kwa vidole. Siku hizo hapa mtaani hapakuwa na mwingine mwenye gari. Mgonjwa akizidiwa, wanamwamsha Adolfu. Uchungu ukimkamata mama usiku, Adolfu. Na mtu akifia mbali, aliyekwenda kumleta nyumbani ni Adolfu huyo huyo.

Alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa dereva mwingine. Akibeba marehemu alimtajia njia. Alisema watu wetu wamezoea kutembea kwa miguu, sasa mtu umemfunika shuka, umempakia kwenye gari linalokimbia, atajuaje amefika wapi? Basi anaendesha huku anamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa: hapa ni mtoni, hapa ni njia panda, hii ndiyo shule yenu, sasa tunakata kona ya kwenu. Akifika anafungua mlango wa nyuma na kusema, “Tumefika, shuka.” Watoto tulimcheka kichinichini. Wakubwa hawakucheka.

Sasa nakuja kwenye yale ambayo hatukukuambia. Unajua mama yako, dada yangu Margareth, alikufa kwa homa wakati baba yako Obedi ni bwana shamba kule Mtowisa. Hukuwahi kuambiwa kwamba alifia ndani ya Pijo, wala kwamba wewe ulikuwemo.

Baba yako alikuwa semina Mpanda. Dereva wa lori la mpunga alituletea habari kwamba Margareth yu hoi, Babu akawasha gari saa ile ile, mimi na Bibi tukapanda naye mpaka Mtowisa, chini bondeni. Wakati wa kurudi mama yako alikaa nyuma kushoto, kichwa amekilaza begani kwa Bibi. Mimi nilikaa mbele, nawe mapajani mwangu, umri wako miaka mitatu. Tulipita Muze, tukaanza kupanda mlima wa Kizungu. Bado alikuwa anasema. Ninakumbuka neno lake la mwisho kwa sababu niliambiwa mimi: “Evodia, mfunike mtoto, upepo.” Tulipofika juu, kimya. Ulikuwa umelala, ukaamka, ukajigeuza mapajani kwangu, ukatazama nyuma. Ulitazama muda mrefu bila kulia. Sijui uliona nini.

Bibi akasema taratibu, “Adolfu, mtajie.”

Babu akajibu, “Amelala.”

Tukafika Ntendo. Bibi akarudia, “Mtajie mwanao njia, baba Margareth.”

“Nimesema amelala.”

Ungekuwa mkubwa ungeelewa. Kumtajia njia kungekuwa kukubali. Aliendesha mpaka hospitali bila kufungua mdomo tena, na kule wakamwambia kile ambacho sote tulikuwa tunakijua tangu Kizungu. Nilimchukia kwa ukimya ule, Leonsi. Nilimchukia miaka mingi, huku nampikia na kumfulia.

Mwili ulirudishwa nyumbani na gari la parokia. Babu alirudi na Pijo peke yake, akaliingiza bandani, na toka siku hiyo hakuliendesha tena. Tuliambiwa giaboksi imekufa. Nasi tukaamini, kwani nani anabishana na mfiwa kuhusu giaboksi? Nawe ulipokuwa unakuja likizo kutoka kwa baba yako Mbeya, ukiuliza mbona Babu halitengenezi, tulikujibu hivyo hivyo.

Unanijua mimi si mtu wa mizimu. Mlango wa nyuma kushoto tulipokuwa tunaukuta wazi asubuhi, nilisema komeo limelegea. Kuku walilala kwenye toroli, kwenye mapipa, mpaka juu ya cherehani yangu ya zamani, ila kwenye Pijo hakupanda hata mmoja, nami nikasema ni harufu ya mafuta. Masika, kioo cha upande ule kilifunga ukungu kwa ndani, vingine vyote vikavu. Hapo sikusema kitu, nikaacha kupita njia ya bandani jioni. Babu alikwenda kila Jumapili kukifuta kwa nje na kusimama hapo kidogo. Ndani hakuingia.

Mwaka jana alipokuwa anatuacha, nilikaa naye. Alikuwa anataja njia. Mtowisa, Muze, tunapanda Kizungu. Akifika hapo ananyamaza, midomo inacheza, halafu anaanza tena Mtowisa. Juu ya Kizungu hakupita, mpaka pumzi ikakatika. Kabla ya hapo alikuwa ametuambia gari ni la Leonsi na mama yake. Mjomba wako Valerian akaninong'oneza kwamba mzee ameshachanganya walio hai na waliokufa.

Basi Jumatano alikuja Bwana Lutengano na lori la Fuso na fundi wake. Fundi akaingia uvunguni, akakaa huko, akatoka anajifuta mikono. Akasema, “Giaboksi ni nzima. Hili gari halina ugonjwa wowote, ni kukaa tu.”

Valerian akanitazama, nami nikamtazama. Bibi yako alikuwa kwenye kigoda chake juani, tulidhani anasinzia.

“Si giaboksi,” akasema. “Aliogopa kuliendesha likiwa na mtu.”

Akaeleza kama anavyoeleza bei ya maharage. Kwamba kilicholetwa na gari la parokia ni mwili. Margareth mwenyewe hakuambiwa kwamba safari imekwisha, hivyo yumo, amekaa pale pale, anangoja kufika hospitali. Babu alilijua hilo, na kila Jumapili alikwenda kumwambia, akashindwa. Asubuhi ya Alhamisi, Fuso lilipokuwa tayari kupakia, tulimkuta Bibi amehamisha kigoda, amekaa katikati ya mlango wa banda.

“Gari haliondoki na mwanangu ndani.”

Bwana Lutengano ni mtu mzima, mpole. Akachuchumaa mbele yake. “Bibi, mimi nimenunua gari. Mtu sikununua.”

“Ndiyo nakuambia. Utampeleka wapi?”

Yule bwana akalitazama Pijo. Nilidhani atacheka, au atarudi kwao. Akasema, “Basi mshusheni kwanza. Na mimi sitaki kusafiri mpaka Mbeya na mtu asiyenijua.”

Kwa hiyo ndiyo maana, mwanangu, siku ya Alhamisi watu wa Katandala walimwona mama yako mdogo juu ya Fuso, ndani ya Pijo la Babu, ameshika usukani. Kunipandisha kulikuwa kazi. Valerian alinisukuma, fundi akanivuta, sweta likanaswa kwenye mbao, na heshima yangu niliyoitunza miaka yote ikabaki pale chini. Kiti bado kina harufu ya tumbaku ya Babu. Bibi alisema arudishwe kwanza pale Babu aliponyamazia, basi tukaenda hivyo mpaka juu ya Kizungu, mahali barabara inapoanza kushuka bondeni, Fuso likageuza.

Nilikuwa nimepanga kusali tu. Ila tulipoanza kurudi nikasikia sauti yangu inasema, ya kawaida kabisa: Margareth, hapa ni juu ya Kizungu. Mlima tumeumaliza. Mtoto nimemfunika.

Baada ya hapo maneno yalikuja yenyewe. Hapa ni Ntendo. Hii ni lami, usishangae, wameiweka wewe hujaiona. Hii ni Chanji, usiyatafute yale mashamba, yamekuwa nyumba. Vijana wa bodaboda walipunguza mwendo kunikodolea macho. Nikalia, nikaendelea kutaja, nikalia. Kati ya Chanji na nyumbani nilitazama kwenye kile kioo kidogo cha dereva. Unaujua upepo wetu wa Julai ulivyo mkavu. Kioo cha nyuma kushoto kilikuwa na ukungu. Sikugeuka. Niliogopa, nisikudanganye. Nikasema tu: Katandala hii, dada. Tunakata kona ya kwetu.

Waliliteremsha tena gari kwa mbao. Bibi yako akainuka bila fimbo, akaenda mwenyewe, akafungua mlango wa nyuma kushoto.

“Tumefika, Margareth. Shuka,” akasema. “Umechelewa, mwanangu.”

Akaushikilia mlango kama unavyoushikilia kwa mgonjwa asiye na haraka. Kisha akausukuma, na lile komeo lililotusumbua miaka yote likashika. Aliporudi kwenye kigoda alimwambia Bwana Lutengano, “Sasa ni lako. Halina mtu.” Wakalipakia, wakaondoka kwa njia ya Mbeya. Banda sasa ni tupu, na usiku wa kwanza tu kuku wote wamelala pale pale liliposimama gari.

Sijui utaliamini lipi kati ya haya. Mimi mwenyewe Jumapili nilikwenda kwa padri, nikamwombea misa mama yako, nikaombea na Babu, kwa sababu hasira yangu kwake imeisha na sikutaka iishe bure. Mtu aliyewatajia njia wafu wa watu wengine wote, wa kwake akamshinda. Ningekuwa yeye, nadhani nami ningesema amelala.

Mjomba Valerian anakusalimu sana, anasema uje na wavu wa samaki wa huko, eti nyavu za mjini kwetu ni za kuvulia nguo, si samaki. Bibi anauliza kama wajukuu wanakijua Kifipa hata cha kuombea maji. Nimpe jibu gani? Mwambie Violeth kitenge chake kimeshashonwa, kiuno nimekiachia nafasi kwa hekima.

Na huyo Violeth aliniambia mwaka juzi, kwa utani, kwamba tangu umwoe hajawahi kukuona umelala safarini. Kwamba hata basi likiwa la usiku unakaa macho, na kila mara unageuka kutazama viti vya nyuma. Nilicheka naye, kisha nikaenda jikoni nikasimama huko peke yangu.

Mungu awalinde, awape afya na riziki ya halali, na Desemba awalete salama. Mkipanda basi la huku, mwanangu, funga macho ulale. Usigeuke tena. Mama yako ameshafika.

Ni mimi nikupendaye, niliyekupakata siku ile,
Mama yako mdogo,
Evodia.