Mlango wa Chumba cha Injini

Mwaka umetimia, mwanangu, tangu uzamie kwenye meli ile usirudi, na mlango uliokuua bado uko palepale.

Ulikuwa fundi wa kuchomelea na mpiga mbizi. Meli chakavu ilipozamishwa makusudi ili samaki wapate makazi na wageni wapate pa kupigia mbizi, wewe ndiye uliyeiandaa: kusafisha mafuta, kukata mabati yenye ncha, kung'oa milango ili anayeingia asikose pa kutokea. Uliipenda kazi hiyo. Ilipokwisha kuzama, ulikuwa ukirudi kutoka mbizini umelowa, unacheka: "Mama, wapangaji wameanza kuhamia, hata godoro hawana!"

Nyumbani nako hukuweza kuona mlango umefungwa ukauacha. Uliuwekea tofali, hata wa chooni. Dada yako alikuwa akifoka, "Wewe, hapa si melini!"

Melini ulibaki mlango mmoja, wa chumba cha injini. Uliomba siku moja zaidi kabla meli haijazamishwa. Meneja wa mradi akakujibu mbele ya wenzako, "Mgeni rasmi wa kuizamisha ameshafika. Mlango mmoja utammeza nani?"

Ulikumeza wewe. Ulitumia siku yako ya mapumziko kushuka kuukata, kabla mtu hajafungiwa humo. Mkondo ukaubamiza nyuma yako. Mwenzako uliyeshuka naye alipofanikiwa kuufungua, mtungi wako wa hewa ulikuwa mtupu. Msibani meneja akasema ni kazi ya Mungu. Mungu hakuwa msimamizi wa kazi ile.

Juzi alikuja sebuleni kwetu na kibao cha shaba chenye jina lako. Anataka kukitundika melini, wageni wajue ushujaa wako.

"Mlango mmeutoa?" nikamuuliza.

"Bado, mama. Uko kwenye mpango."

"Na watu wanaingia?"

"Tunawaambia wawe waangalifu."

Nikamrudishia kibao chake. Baba yako, ambaye hajawahi kumfukuza mgeni, akasimama akamwonyesha pa kutokea. Palikuwa wazi, pamewekewa tofali lako.

Kibao tutakipokea siku kitakapofungwa penye bawaba tupu za mlango ule. Kabla ya hapo, asithubutu mtu kulitia jina lako kwenye matangazo yao.

Unakumbukwa na mimi mama yako, baba yako, dada yako, shemeji yako, mjomba wako fundi, na mwenzako wa mbizini.

Kukusahau hatuwezi. Kunyamaza hatutaki.