Shada la Mtu Aliye Hai

Jumamosi, mwezi wa saba. Kilosa, nyumbani kwa mama. Baridi ya asubuhi ilishaondoka na jua linaanza kushuka. Nina hasira tangu saa mbili, na sasa ni saa kumi alasiri.

Shajara, leo nisikilize tu, usinishauri. Washauri ninao wa kutosha.

Wa kwanza ni daktari wa kule Mikumi ninakoishi, aliyenipima presha mwezi uliopita, akatikisa kichwa, akauliza nina mawazo gani. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa darasa la pili, na watoto wangu wakikaa wote hakuna pa kukanyaga. Nikamwambia pia nina mama mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, na hataki kusikia habari ya kupasuliwa. Akaandika dawa, halafu akaniambia nitafute kazi ya mikono ya kutuliza akili.

Kazi ya mikono! Kana kwamba kufua, kupika na kusahihisha madaftari huwa nafanya kwa miguu.

Lakini nikatii. Mtandaoni nikampata dada mmoja mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, anafundisha kufuma maua kwa uzi na ile sindano yenye kindoano. Shada zima la maua ya majira ya kuchipua. Anasema kila kitanzi ni pumzi moja: vuta uzi, vuta pumzi, uwe hapo ulipo. Maua yenyewe sijawahi kuyaona. Moja lina umbo la kikombe, jingine lina mdomo wa tarumbeta. Na hayo majira ya kuchipua sisi tunayatoa wapi? Tuna masika, tuna kiangazi, na katikati tuna vumbi la malori ya barabara kuu. Nikafuma hivyo hivyo, kama mtu anayechora twiga kwa kusimuliwa.

Siku kumi na moja. Natakiwa kuwa na vitanzi kumi na viwili, nahesabu kumi na vitatu. Nafumua. Nahesabu kumi na kimoja. Nafumua tena. Yule dada anatabasamu, ananiambia nisijihukumu. Mume wangu alijifunza kutonisemesha nikiwa nahesabu, maana siku ya kwanza aliuliza chumvi iko wapi nikamjibu "saba." Siku nyingine niliitupa sindano ikaingia chini ya kabati, nikalala kifudifudi sakafuni kuitoa kwa fimbo ya ufagio, na shingo inauma. Utulivu gani huo jamani?

Nikiri hapa, kwa sababu hapa hanioni daktari: kulikuwa na jioni mbili tatu nilitulia kweli. Mikono ilikwenda yenyewe na kichwa kikanyamaza. Sitamwambia.

Sasa, shida yangu ni hii. Jumatatu madaktari wa macho wanakuja kwenye hospitali ya misheni. Wanapasua siku tatu, wanaondoka, na watarudi lini hakuna anayejua. Jina la mama nimeshaliandikisha. Yeye mwenyewe sijamwambia. Miaka miwili namsihi. Mchungaji amemsihi, mjomba amemsihi, jibu ni moja: "Naona vya kunitosha." Anaijua nyumba yake kwa hatua, anawatambua watu kwa sauti, halafu anajifanya kawaona. Mwezi wa tano alijimwagia maji ya moto mguuni, akasema sufuria ilikuwa mbovu. Na huyu ndiye mwanamke aliyefundishwa kufuma na wamisheni akiwa msichana, ambaye vitambaa vyake vimefunika makochi ya nusu ya mji huu. Miaka miwili hajagusa uzi. Eti amechoka na vitambaa.

Nikapiga hesabu za kitoto. Nikasema nitakwenda na shada langu, nitampa, atafurahi, nitaongea kwa upole, atakubali.

Asubuhi nikapanda basi la Kilosa na shada mkononi, kwa kuogopa likiwekwa kwenye begi litapondeka. Konda akaniangalia, akayaangalia maua, akashusha sauti akaniambia pole sana mama. Mzee wa kiti cha mbele akahama nikae. Dereva akazima muziki. Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mtu mzima akionekana na shada, anakwenda makaburini. Nikajieleza kwamba sijafiwa, ni maua tu, nimeyafuma mwenyewe. Mama mmoja pembeni yangu akanishika bega akasema ndivyo inavyokuwa mwanzoni, mtu hakubali.

Nikakaa kimya kama mfiwa mpaka Kilosa. Ningefanyaje?

Nilidhani nyumbani nitapumzika na upuuzi huo. Kumbe Mama Neema, jirani yetu, aliniona kuanzia kona ya kanisa nikija na maua, akakimbia kupeleka habari. Nilipofika nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda mlangoni, khanga ameshajifunga kiunoni, tayari kwa msiba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikampa shada. Akalipokea kwa mikono miwili, akalipapasa kuanzia juu mpaka kwenye nyaya za vikonyo, na uso wake ukabadilika. Akasema hili ni shada. Nikasema ni zawadi. Akasema shada haliingii kwenye nyumba ya mtu aliye hai, na kama nina haraka ya kumzika niseme. Mama Neema akatazama pembeni.

Hapo nikafanya kosa. Nikamweleza kwamba wenzetu huko nje wanampelekea mgonjwa maua ili apate faraja.

"Mgonjwa ni nani?"

Nilikuwa na jibu, ila halikuwa la kutoa mbele ya Mama Neema. Nikaingia ndani, nikaenda uani, nikajifungia chooni, nikalia kwa hasira kama mtoto. Nimechoka, shajara. Nimechoka kumbembeleza mtu ambaye kazi yake ni kunishinda. Mungu anisamehe, mle chooni nilisema moyoni basi na apofuke, nitajua nimefanya sehemu yangu.

Niliporudi Mama Neema alikuwa ameondoka, na mama alikuwa analifumua.

Yaani analifumua lote! Vile vikombe vyangu, zile tarumbeta. Amezing'oa nyaya, amezipanga chini sawasawa, na anavuta uzi kwa raha zake huku anauviringa kuwa mabonge. Siku kumi na moja zinakwenda kwa dakika kumi. Nikasimama pale mdomo wazi. Bila kuinua kichwa akaniambia hapa uliruka kitanzi, na hapa, na hili lote ulilifuma ukiwa umekasirika, linakaba. Na kwamba uzi hauna kosa, uzi hauwezi kutupwa kwa sababu mtu kaufanyia shada.

Nilitamani kupiga kelele. Nikakaa chini mbele yake.

Alipomaliza, mabonge manne yakawa mapajani mwake: jekundu, la njano, jeupe na la kijani. Akaomba sindano yangu. Akaipima kidoleni, akasema ni nyembamba lakini itafaa, nisogee anionyeshe namna ua linavyoanzwa na watu wenye akili. Nikasogea. Miaka miwili sijamwona ameshika sindano, na vile vidole havijasahau kitu. Aliokota bonge moja, akatoa kitanzi cha kwanza, cha pili, akafunga duara kabla sijajua ameanza. Kikawa kitovu cha ua, kidogo, kimekaa vizuri kuliko chochote nilichofuma mimi. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa mdomo uliofumbwa. Nikasahau kukasirika.

Kisha akanyoosha mkono wa kushoto.

"Sasa nipe ule wa njano."

Wa njano ndio aliokuwa anafumia.

Nilitazama ule mkono ulionyooshwa. Ningeweza kumpa mwekundu, akaendelea, siku ikapita kwa amani. Hilo nalo nakiri, nililiwaza.

"Umeushika, mama."

Aliusogeza uzi karibu na jicho la kulia, karibu kabisa mpaka ukagusa kope, akauinua kwenye mwanga, akauhamishia jicho la kushoto. Akaupeleka kwenye jua la mlangoni, akaurudisha. Nikaona anavyotafuta. Nikaona kwamba si mara ya kwanza kutafuta hivyo, ila ni mara ya kwanza nipo. Akaushusha mapajani taratibu.

"Nikadhani mwekundu," akasema.

Kuku wa jirani akapita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza. Nilikuwa na hotuba niliyoiandaa tangu Mikumi, yenye mifano na aya za Biblia, na sikukumbuka hata neno moja.

Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, gari la kwanza la kwenda kwa hao madaktari wa Jumatatu linapita saa ngapi. Kumbe alijua. Kumbe mchungaji alishamwambia kwamba nimemwandikisha, na alikuwa ananisubiri nimdanganye. Nikasema saa kumi na mbili asubuhi. Akasema basi nimwamshe saa kumi na moja, na nisimpe chai yenye majani mengi.

Sasa amelala kidogo. Mimi niko hapa kwenye kigoda chake, nakuandika kwenye simu. Ningepaswa kufurahi, na badala yake nina hasira mpya. Miaka miwili ya kusihi, kumbe ilitakiwa nimwache ashindwe mwenyewe na bonge la uzi?

Na chini ya hasira kuna kitu kingine, ngoja nikiandike kabla sijakimbia. Miaka yote miwili nilikuwa na uhakika kwa sababu alikuwa anakataa. Yeye alibeba woga, mimi nikabeba ujasiri. Leo amekubali, amelala usingizi mzito kama mtu aliyetua mzigo, na sasa anayeogopa ni mimi. Wakimpasua asione tena, si mimi niliyemsukuma?

Jumatatu saa kumi na moja nitamwamsha. Nimeshasema. Ila kesho baada ya ibada nitamwomba mama anishike mkono, na sijui nitamwambia ni kwa ajili ya woga wake au wangu.