Kiingereza cha Kuombea Viza

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. U mzima? Mimi naendelea. Tukipigiana simu tunalia tu, heri tuandikiane barua pepe. Operesheni ya moyo ni tarehe 28 Aprili. Naogopa, Mama. Nataka nikizinduka nikuone wewe.

Ofisi ya viza watakuhoji kwa Kiingereza, kwa hiyo leo tusome hope na wish. Yote ni kutamani. Hope ni kwa jambo linaloweza kuwa: I hope she gets well. Wish ni kwa lisilokuwapo, na kitenzi chake hurudi nyuma kama unasema la jana, ingawa ni la leo: I wish I lived near her. Usiyachanganye.

Mwanao, Kitindamimba

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo tu, nao ni wa cherehani, si wangu. Hivi hawa Waingereza wana nini? Tamaa moja wameikata vipande viwili! Nimeyaandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia nguo, hope huku, wish kule. Jana sketi ya mteja ikatoka na hope matakoni. Alivyonuna! Lakini somo limeingia: I hope I will hold your hand. Umeona? Usiogope, nakuja.

Mama yako

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo kidogo. Nimetoka kuhojiwa. Hope nilisema, wish nilisema, yule bwana wa dirishani akanisifu. Kisha akauliza, How is your daughter? Nikamjibu, She is fine, thank you.

Mtu akikujulia hali ya mwanao, si unasema njema kwanza? Habari mbaya si huja baadaye? Nikangoja aulize tena. Hakuuliza. Akagonga muhuri. Wamenikatalia: barua ya daktari inasema mgonjwa, mama mtu kasema mzima. Nimekuponza kwa mdomo wangu, mwanangu. Nimelia mpaka basi.

Mama yako

9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Usijilaumu. Hata mimi nesi akiniuliza namwambia fine, huku nimeng'ang'ania kitanda. Ndivyo ulivyonilea. Daktari ameandika upya, lakini majibu ni wiki tatu, na operesheni haiwezi kungoja. Nina hasira, sijui nimkasirikie nani. Njoo hata ukichelewa.

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Viza imetoka leo. Simu yako inaita tu tangu juzi. Nimepiga hospitali, nesi kapokea, nikamwambia sawasawa, I am her mother, she is very sick. Akaniuliza kama niko na mtu, kisha akasema daktari atanipigia. Tangu asubuhi simu iko mapajani, kazi za watu sijazigusa.

Ndege ni kesho saa nne. Nakuja kukuuguza, umesikia? Kukuuguza tu. Nijibu.

Mama yako