Baiskeli Isiyohema

Majengo, Nyeri
Ijumaa, baada ya sala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Nakuamkia wewe na magoti yako pia, maana najua hayo ndiyo yanayolalamika kwanza asubuhi ukitaka kuinuka. Je, yanaendeleaje? Yule mbuzi mweupe amezaa? Paa la upande wa jikoni limeezekwa, au bado mnahamisha masufuria kila mvua ikinyesha? Mimi mwili ni mzima. Ya roho nitakueleza humu ndani, nawe nakuomba uvumilie, ingawa najua utamkatiza Zuhura kila mstari umwulize, "Amesema nini hapo?"

Zuhura, mdogo wangu, msomee Mama polepole. Nikifika pa kukuambia usisome, nitakuambia. Usijifanye hukuona.

Baridi ya huku mmeshachoka kunisikia nikiilalamikia, kwa hiyo nitasema tu kwamba iko palepale. Ule mlima mkubwa wa theluji hatujauona tangu mvua zianze. Umejifunika, na ukungu wake unashuka mpaka barabarani. Kazi ya kutengeneza umeme wa magari imepungua kwa sababu petroli imekuwa haba, kwa hiyo mwenye gereji alinipa kazi nyingine: kuangalia mashine ya kusaga unga aliyoiweka kule Wamagana, mashambani, ambako kote ni milima ya majani chai na ng'ombe wa maziwa. Siku ya kwanza nilikwenda kwa miguu. Wewe unakijua kifua changu, Mama, ndiwe uliyekuwa ukinisugua mafuta usiku kucha. Nilifika nusu ya mlima, pumu ikanibana, nikakaa chini kando ya njia nikihema kama mvukuto wa mhunzi. Mwanafunzi mmoja alipita akaniuliza kwa adabu kabisa kama ninakufa. Nikamwambia bado.

Basi nikaamua kujitengenezea baiskeli ya umeme. Usicheke. Kariuki, mchomeleaji wa gereji yetu, alicheka kwa niaba yenu nyote.

"Athumani, ati unaweka betri kwa baisikeli? Na hiyo mzigo utabeba wewe ama itabeba wewe?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Umeme si tatizo, tatizo ni uzito. Nilichukua dainamo ya gari dogo lililokufa, kwa sababu dainamo ukiilisha umeme badala ya kuizungusha, inajizungusha yenyewe. Nikaunganisha betri mbili za pikipiki, maana ya gari ingenivunja mgongo siku ya kuisukuma. Dainamo nikaifunga juu ya gurudumu la nyuma, na kwenye mhimili wake nikatia kipande cha mti kilichovikwa mpira wa tairi. Nikivuta kishikio, kile kipande kinalalia tairi na kulisukuma. Penye tambarare nakanyaga pedeli kama watu, penye mlima naachia umeme. Nikang'oa madigadi, nikang'oa keria, hata breki ya nyuma nikaitoa kisha nikairudisha baada ya kuonja mteremko wa kwanza.

Fremu aliitafuta Kariuki. Aliichomoa kwenye rundo la vyuma vikuukuu nyuma ya ghala moja la zamani, vitu vilivyonyang'anywa watu siku za emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni kabla ya uhuru, ambavyo hakuna aliyerudi kuvidai. Ilikuwa nyeusi, nyepesi ajabu, na bado ina kengele yake. Kengele hiyo nilitaka kuitoa pia ipunguze uzito, lakini skrubu ilikuwa imegandamana na kutu. Kikombe chake kina ufa. Ukiipiga inalia mara moja vizuri, halafu inafuata sauti nyingine butu, kama mtu anayerudia maneno yako kutoka chumba cha pili. Nikaiacha.

Nilipoijaribu mara ya kwanza nilifurahi mno, Mama! Mlima ule ule ulioniketisha chini niliupanda nikiwa nimekaa wima, miguu imetulia, koti limefungwa mpaka shingoni. Haina kelele ila mvumo mdogo unaomezwa na upepo wa kwenye majani chai.

Sasa sikiliza jambo la watu wa huku. Jioni ukungu ukishuka, hawaonani hata hatua chache, lakini wanasalimiana. Mwenye baiskeli anayepanda mlima wanamjua kwa kuhema kwake. Kila mtu ana pumzi yake: huyu anakohoa, yule anapiga mluzi, mwingine analaani. Kabla hujamwona wameshamwita jina. Baiskeli yangu haihemi. Nilipofika kwenye kona iliyo juu ya kijito nikapiga kengele ili nisimgonge mtu, na sauti ya mzee ikatoka ndani ya majani chai:

"Wĩ mwega, Baba Wangari?"

Nikadhani anamsalimu mtu mwingine. Mbele kidogo mwanamume aliyebeba kuni akasimama kando, akavua kofia yake, akainamisha kichwa mpaka nilipopita. Na juu kabisa, kwenye nguzo ya geti la mbao, palikuwa na kikombe cha uji wa wimbi. Hapakuwa na mtu. Uji ulikuwa unatoa moshi.

Zuhura, simama hapa. Kuanzia hapa mpaka nitakapokuambia, soma kwa macho tu. Mwambie Mama nimeeleza habari za bei ya viazi.

Nilimwuliza Kariuki asubuhi yake Baba Wangari ni nani. Kariuki ni mtu wa maneno mengi, lakini alizima moto wake, akavua miwani ya kuchomelea kwanza.

"Hiyo jina umetoa wapi?"

Nikamweleza. Akaenda kuiangalia ile kengele, akaipiga kwa kucha, akarudi nyuma.

"Huyo alikuwa anabeba maziwa kutoka Tetu, hapo Wamagana, kuleta town. Siku moja ya emajensi alitoka na baisikeli yake, hakurudi. Watu walisema alishikwa, wengine walisema alipigwa risasi. Hakuna mtu alizika yeye. Bibi yake amekataa kuitwa mjane mpaka leo. Kila jioni anaweka uji kwa geti." Akaniangalia kwa huruma. "Athumani, hii kitu iko na mwenyewe."

Nilikwenda kwa huyo mama siku ile ile kumwondolea wasiwasi. Mama Wangari ni mtu mzima, mrefu, kitambaa cheupe kichwani, mikono imepasuka kwa kuchuma chai. Nikamwambia mimi ni Athumani, fundi, mtu wa pwani, nimeokota fremu tu, na kama anaitaka nitamrudishia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sijapoteza akili," akasema. "Naona wewe ni Muislamu ya Majengo. Lakini tangu wewe upite na hiyo kengele, mimi nalala usingizi. Miaka hii yote sikuwa nalala. Pita tu. Piga kengele kwa kona. Sitaki kitu ingine."

Ungefanyaje, Zuhura? Nilikubali. Nilimwonea huruma, na nilijua kwetu pia kuna mama anayesikiliza nyayo mlangoni.

Basi nikawa napita. Na mambo yakaanza kubadilika kidogo kidogo, hata sikuyaona yakianza. Pumu iliniacha. Nikaona ni ile baiskeli inayonipumzisha, lakini iliniacha hata nikiwa nimelala, hata nikiwa kwenye moshi wa gereji. Uji wa wimbi, ambao mnajua siwezi hata kuunusa, nikaanza kuunywa pale getini, kisha nikaanza kuutamani tangu mchana. Jiwe lililolegea darajani nililikwepa kabla ya kuliona. Mbwa wa nyumba ya tatu, ambaye hamwachi mgeni salama, alinifuata akitikisa mkia, na mbwa huyo hakuwa amezaliwa wakati wa emajensi. Siku moja Kariuki aliniita "Athumani!" kutoka hatua tatu tu, mara nyingi mpaka akanirushia kitambaa cha mafuta. Nilikisikia kitambaa kikinipiga. Jina sikulisikia.

Niliogopa, lakini niliendelea kupita. Sijui nikueleze vipi. Ikifika alasiri miguu yangu yenyewe inakwenda penye baiskeli.

Jioni moja ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Mama Wangari alikuwa amesimama getini mwenyewe, kikombe mkononi. Aliniuliza kitu kwa Kikuyu. Wewe unajua Kikuyu changu ni cha sokoni, cha kuulizia bei na kushukuru. Lakini mdomo wangu ulifunguka, nikamjibu. Nikamjibu kwa maneno marefu, bila kusitasita, kwa sauti nzito ambayo si yangu, na mimi mwenyewe nikiwa kama mtu anayesikiliza ukutani mazungumzo ya nyumba ya jirani. Sikuelewa hata neno moja nililosema. Kikombe kilimdondoka. Alilia, si kwa kelele, machozi tu.

"Nimesema nini, Mama?" nikamwuliza kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilitoka kwa taabu.

"Umeniambia mahali uko," akasema.

Asubuhi alikwenda na Kariuki na wazee wa kijiji mpaka kule chini ya kijito, mahali penye mkuyu ulioanguka. Walichimba. Walipata mfuniko wa mkebe wa maziwa, walipata na yeye mwenyewe. Mama Wangari aliutambua mfuniko kwa alama aliyoikwaruza kwa kisu alipokuwa bibi harusi.

Walimzika vizuri shambani kwake, wakaimba nyimbo zao za kanisa. Kabla ya hapo Kariuki alikwenda kuitoa ile kengele ili wamzike nayo. Skrubu iliyotushinda kwa nyundo na mafuta ya taa ilifunguka kwa vidole vyake viwili. Fremu nilimwachia Mama Wangari, imeegemea ukuta wa nyumba yake. Dainamo na betri nimezirudisha gereji. Nilirudi mjini kwa miguu, na kwenye mteremko kifua kikaanza kunibana. Zuhura, nilikaa kando ya njia nikakohoa mpaka machozi yakatoka, na nilikuwa nimefurahi kuliko siku niliyopanda mlima wima. Pumu ile ilikuwa yangu.

Nilidhani mambo yameisha. Lakini juzi sokoni mwanamke alimwita mume wake, au mtoto wake, sijui, akasema "Baba Wangari," na mimi niligeuka. Niligeuka haraka, Zuhura, na nilikuwa nimeshatabasamu.

Nilikwenda kumwambia Mama Wangari. Hakushangaa. Aliniketisha jikoni kwake, akanipa chai, si uji. Akasema:

"Mzee yangu amepumzika. Wewe ndiye bado uko njiani. Mimi niliita yeye kila jioni, miaka yote, na wewe ukapita ukaitika. Hiyo ni makosa yangu, si yako. Sasa enda kwenu. Mama yako ndiye alikupa jina. Yeye aite hiyo jina, kwa mlango, kabla wewe uingie."

Nilitaka kumcheka, nikashindwa.

Kwa hiyo, Zuhura, nimebadili mawazo. Rudi pale nilipokusimamisha, umsomee Mama yote. Yote, hata ya kikombe. Mkalishe kwanza kwenye kiti chenye mgongo, mpe maji. Atakugombeza kwa zile habari za viazi, nisamehe.

Mama, sasa unajua. Usilie. Nimeomba ruhusa gerejini na nimepewa. Nitapanda gari la Nairobi wiki ijayo, kisha la Mombasa, na Inshallah nitakuwa nyumbani Ijumaa ya pili kabla ya magharibi. Nimekununulia blanketi zito la huku, ingawa najua huko utalitandikia mbuzi.

Nisalimie Mjomba Bakari kinyozi, mwambie nywele nimezifuga kwa ajili yake. Nisalimie Shangazi Mwanamkuu wa mahamri, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, kama mkono wake bado una nguvu ya fimbo. Jirani Bi Fatuma mwambie ule mwavuli wake ninao, sikuusahau.

Lakini siku nitakayofika, asitoke mtu kunipokea njiani. Wote wakae ndani. Mlango ufungwe. Utanisikia nikibisha hodi, Mama, nawe usinifungulie. Simama nyuma ya mlango uniite jina langu lote, kama ulivyokuwa ukiniita nikichelewa kurudi kuoga: Athumani bin Mbwana bin Juma. Nikiitika "Labeka, Mama," nifungulie, unisugue kifua.

Nikikawia kuitika, ita tena. Na nikiitika kwa sauti nzito, kwa lugha usiyoijua, usiogope na usifungue. Kaa hapo hapo, endelea kuniita. Huyo mama wa huku aliita miaka yote hiyo mpaka wa kwake akasikia. Na mimi nitasikia.

Mwanao,
Athumani bin Mbwana bin Juma