Yalikuwa Mahudhurio Tu

Dada yangu mpendwa Tumaini, shikamoo.

Nimekupigia mpaka nimemchoka yule mwanamke wa kwenye simu anayesema hupatikani. Shangazi anasema uko Njombe unalima viazi, na kwamba ukisikia jina langu unabeba jembe na kutoka. Sikulaumu. Ila Alhamisi wanakuja maofisa wa mazingira wa serikali kuwasikiliza wakazi wa bondeni kuhusu kile kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, nami nimebanwa, dada. Sina pa kutokea.

Unakumbuka ulivyoanza kampeni za udiwani? Ulikuwa na spika moja ya kuazima kanisani, imefungwa kwenye guta. Chama chenu kidogo cha mazingira hakikuwa hata na fulana. Nilikutania kwamba watu wa mazingira wasiovaa kijani ni wa wapi hao, ukacheka. "Kijani mjini hapa kina wenyewe, Sifa. Sie tutavaa vumbi." Na kweli ulilivaa. Kila asubuhi ulikuwa bondeni na akina mama wa mchicha, umekunja gauni, unawapa mkono wakiwa bado na matope. Wagombea wengine waliwaahidi barabara. Wewe uliwauliza, "Nyie, kile kiwanda kilipokuja, kuna aliyewauliza?" Ukawaambia kuulizwa ni haki, siyo hisani. Mama Rehema aliacha kumwagilia, akakaa juu ya ndoo yake, akasema, "Mwanangu, mie tangu nizaliwe sijawahi kuulizwa kitu, hata kuolewa." Mlicheka mpaka mkashikana mabega.

Mimi nilikuwa pembeni na daftari lako, najivuna kama mgombea ni mimi.

Siku kiwanda kilipoitisha kikao hukuwepo, ulikuwa upande wa pili wa kata. Walikuja na turubai, viti vya plastiki na soda za baridi. Wakasema wanajitambulisha tu kwa majirani. Unavijua vikao vyetu: usipoandika jina kwenye mahudhurio, soda huipati. Ikaletwa karatasi iliyochorwa mistari, namba, jina, sahihi. Juu hapakuwa na neno hata moja. Mjumbe akaniita, "Mwalimu, hebu tusaidie, wazee wengine kalamu inawapiga chenga." Nikasimama haraka, mie mwenye mwandiko mzuri. Nikawaandikia akina mama wa mchicha mmoja mmoja, nikawashika kidole gumba wakabonyeza kwenye wino. Namba kumi na nne nikaandika jina la mama yetu. Kisha nikamletea Fanta yake.

Na wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, dada. Kwa mkaa, kwenye sakafu ya jiko la bibi, kabla sijaanza shule. "Kichwa cha habari kwanza," ulikuwa ukisema, na nikianzia chini unanipiga kikofi cha mkono. Leo nawasahihisha watoto wa darasa la tatu kosa hilohilo kwa wino mwekundu.

Siku ya mkutano wenu wa pamoja wa wagombea, mpinzani wako alipanda jukwaani na karatasi ile. Kichwa kilikuwa kimeshapatikana, kimechapwa vizuri: wakazi walioridhia kiwanda. Akasoma majina taratibu, na alipofika kwa mama akarudia mara mbili. "Mama yake mzazi kakubali. Sasa huyu anampigania nani?" Watu wakapiga miluzi. Uliomba kuiona karatasi. Uliitazama kwa muda, kisha ukainua uso ukaanza kunitafuta kwenye umati, maana mwandiko wangu unaujua kuliko mtu yeyote.

Nilikuwa hatua kumi tu kutoka kwako. Ningeweza kusema, "Hayo ni mahudhurio, nimeandika mimi." Lakini mwalimu mkuu wangu alikuwa amesimama karibu, kiwanda kilikuwa kimeiahidi shule yetu vyoo vipya, na niliogopa. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili, dada.

Ulishindwa. Ukaja nyumbani ukakunja nguo zako, na hukunigombeza. Heri ungenigombeza. Ulisema tu, "Ungeniambia hapahapa nyumbani, Sifa, kabla sijapanda jukwaani."

Sasa moshi unashuka bondeni kila asubuhi. Mchicha unaungua kingo za majani, na Mama Rehema ameung'oa wa tuta lake lote akautupa, hana cha kuuza. Mama anakohoa mpaka anashika ukuta. Daktari amesema tumhamishe. Tumhamishie wapi? Hiki chumba ndicho tulicho nacho. Nimeziba dirisha kwa kanga zake zote na bado harufu inaingia. Akipumzika kidogo ananiuliza, "Tumaini kasemaje?" Namwambia network inasumbua.

Nilikwenda ofisi ya mtaa kuuliza. Wakaniambia kwenye faili hakuna malalamiko yoyote, kuna ile orodha peke yake, nakala yake wameibandika ubaoni nje, na orodha yenye vidole gumba vya watu haipingwi kwa maneno ya mdomoni. Nikarudi nyumbani nikaanza kukuandikia uje Alhamisi uwasemee, kwa kuwa wewe ndiye unayejua kusema. Nikaisoma barua ile. Nilikuwa nakuomba upande tena jukwaani kwa ajili ya kosa langu, mimi nikiwa chini naangalia kandambili zangu. Nikaichana. Ya pili nikaichana, na ya tatu.

Hii ni ya nne. Nakala moja nampa shangazi akuletee, nyingine naibandika kwenye ubao nje ya ofisi ya mtaa, ubavuni mwa orodha ile. Mwalimu mkuu amesikia kwamba nilikwenda ofisi ya mtaa, na ameshaninong'oneza kwamba kibarua changu kitaota nyasi. Naogopa, dada, sitakudanganya. Wala sijui kama haya yatatosha, au kama mama ataiona hiyo Alhamisi akiwa na pumzi ya kutosha.

Sikuichapa kwenye kompyuta ya shule. Nimeiandika kwa mkono, polepole, na hapa chini nimeyaandika tena majina yote ya siku ile, kuanzia namba moja, la mama likiwa la kumi na nne, kwa mwandiko uleule. Hawatahitaji kuniamini. Waziweke karatasi mbili pamoja, waangalie. Na safari hii nimeanza na kichwa cha habari, nimekipigia mistari miwili kama ulivyonifundisha.

Mama anakusalimu. Mlango hatuufungi kwa komeo.

Mdogo wako,
Sifa, niliyeandika majina.