Salma na Gauni la Idi

Jumatatu, 1 Septemba

Mwanangu Salma amenipokonya kijiko sasa hivi, anamlisha paka uji. Anacheka peke yake. Miaka tisa, maneno hayafiki kumi, na yote matamu.

Keshokutwa wageni wanakuja. Wafadhili wamelipia nyumba hapa hapa mtaani kwetu, Mutakura. Watoto ambao akili yao inakwenda polepole watashinda pale, wafundishwe kupika, kwenda dukani, kuishi na watu. Si kufichwa ndani. Barabara yetu imepewa nafasi moja, na wageni ndio watakaochagua. Watoto ni wawili: Salma, na Landri wa jirani.

Nafasi ni ya Salma. Moyo unaniambia.

Jumatano, 3 Septemba

Nimemwogesha mara mbili. Gauni la Idi, mafuta, soksi nyeupe. Nilimfundisha kusalimia wageni, "bonjour", wiki nzima. Akaisema! Machozi yalinilenga.

Waliuliza, anakula mwenyewe? Ndiyo. Anavaa mwenyewe? Ndiyo. Mgeni haonyeshwi aibu ya nyumba. Nimelelewa hivyo.

Mama Landri hakumwosha wake hata miguu. Nilimhurumia.

Ijumaa, 12 Septemba

Wamemchukua Landri. Salma eti anajiweza. Anajiweza! Na mi ndiye ninayemvisha kila asubuhi.

Mama Landri kapita na kitenge kipya. "Mama Salma, si ulisema mutoto anavaa yeye mwenyewe? Mi nililia mbele yao, dada."

Nikacheka naye. Namchukia. Na mwanawe pia, Mungu anisamehe.

Jumanne, 16 Septemba

Landri kaenda dukani na mlezi wa ile nyumba, karudi na sabuni. Majirani wote wakapiga makofi. Nikafunga dirisha.

Salma akalifungua.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimempeleka kwenye ile nyumba. Nguo za kila siku, uji kifuani. Nikamwambia madamu anayeisimamia: nilidanganya. Hawezi kufunga kifungo hata kimoja.

Hakunigombeza. Kaandika jina. Nafasi ikipatikana, wataniita. Kusubiri tu.

Jumapili, 21 Septemba

Tuko uani kwa Mama Landri; ametuita kula. Landri amemfunga Salma kifungo cha shingoni. Polepole, ulimi nje, kama anavyofundishwa kule. Salma akamwambia, "Bonjour."

Nimekaa pembeni na daftari. Mama Landri anapakua.

"Mama Salma, we! Kuya hapa! Utakula maharage na kalamu?"

Nilitaka kuandika kwamba ule wivu— Basi. Maharage yanapoa.